Binti anataka chia chuoni: kabla ya mchujo, uliza timu iko chini ya nani

*"Binti yetu ana miaka 17, yuko mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Houston. Amecheza chia (cheerleading, ushangiliaji wa uwanjani wenye kubebana na sarakasi) shuleni miaka mitatu, yeye ndiye anayerushwa juu. Anataka kuendelea nayo chuo kikuu huku akisomea uuguzi. Chuo kimoja kidogo cha binafsi, jimbo la jirani, kimemwahidi dola 6,000 kwa mwaka akijiunga na timu yao. Moyo wake lakini uko kwenye chuo kikuu cha serikali hapahapa Texas, ambako mchujo ni Aprili na hakuna aliyemwahidi kitu. Baba yake hataki hata kusikia, anasema hatukuvuka bahari ili mtoto akatikise kiuno uwanjani na sketi fupi. Mimi naogopa shingo. Oktoba aligongwa kiwiko kichwani mazoezini, akapumzika siku chache akarudi, ingawa mpaka leo kichwa humuuma akisoma muda mrefu. Kocha kamwambia chuoni huenda akawekwa chini, awe mbebaji, maana mwili umeongezeka. Tangu siku hiyo chakula anadonoa tu. Tumruhusu au tumkataze?"*

Dada, jibu la kuruhusu au kukataza utalipata. Ila katikati ya maelezo yako kuna jambo umelipitia haraka ambalo mimi, kwa kazi yangu ya kuhudumia wanamichezo wa vyuo, siwezi kulipita: hicho kichwa kinachouma tangu Oktoba. Hilo halingoji Aprili.

Ubongo ukitikiswa, hata kama mtu hakuzimia, hata kama hakuna damu wala uvimbe, chembe zake huvurugika. Madini yanayotakiwa kukaa ndani ya chembe hutoka, yanayotakiwa kukaa nje huingia, na chembe hulazimika kutumia nguvu nyingi kurudisha kila kitu mahali pake. Wakati huohuo damu inayoleta sukari ya kufanyia kazi hiyo imepungua. Ndiyo maana picha ya kichwa inaweza kutoka safi kabisa na mtoto bado akashindwa kusoma kurasa chache. Vijana wengi hupona ndani ya wiki nne hivi. Wa kwako amepita huko. Si ajabu wala si mkosi, na yapo matibabu: mazoezi mepesi yanayopimwa kwa mapigo ya moyo, tiba ya shingo (mara nyingi maumivu hutoka huko), tiba ya macho na msawazo. Lakini hayo huanza kwa daktari kumwona ana kwa ana. Tafuta daktari wa tiba ya michezo au kliniki ya mtikisiko wa ubongo, Houston hamkosi.

Mpaka aonwe, asirushwe, asirushe, asipige sarakasi. Pigo la pili juu ya ubongo ambao haujapona huleta dalili nzito zaidi na hukawiza kupona, na kwa vijana mara chache sana huvimbisha ubongo ghafla hadi kuua. Akisharuhusiwa, kurudi uwanjani ni kwa hatua sita, kila hatua angalau saa 24, dalili zikirejea anashuka hatua moja. Kupumzika siku chache na kurudi huku kichwa kinauma si kurudi kunakokubalika, hata kama yeye mwenyewe ndiye aliyeng'ang'ania, na mara nyingi huwa ni wao. Ukiona anatapika tena na tena, maumivu yanazidi saa kwa saa, anashindwa kutamka maneno vizuri, mboni moja kubwa kuliko nyingine, ganzi au kulegea mkono au mguu, piga 911, usisubiri asubuhi.

Sasa kwa shemeji. Sitamficha: sketi ni fupi. Hilo ana haki ya kulisema na binti yake, na nyinyi kama familia mna haki ya kumuuliza kocha kuhusu nguo. Timu hutofautiana, zipo zenye suruali na mikono mirefu kwa mechi za baridi. Lakini kiuno anachokiwazia nadhani amekiona kwenye televisheni, pembeni ya uwanja wa timu za kulipwa, na wale wengi wao ni wacheza densi. Vyuoni densi huwa ni timu nyingine kabisa, ina mchujo wake na kocha wake. Chia ya chuo ni kubebana, kurushana, kujenga piramidi za watu, kupiga sarakasi, na kuongoza makelele ya uwanja mzima. Ilianzia Chuo Kikuu cha Minnesota, Novemba 1898, na aliyeianza alikuwa mwanafunzi wa kiume, Johnny Campbell. Wanawake waliingia miaka ya 1920. Eisenhower alishangilia hivyo akiwa chuo cha kijeshi cha West Point baada ya goti kumkatisha mpira, Reagan chuoni Eureka, na Bush mdogo alikuwa kiongozi wa washangiliaji shuleni Andover. Mwambie shemeji kwa utani ukipata nafasi. Marais watatu si haba.

Hapa ndipo lilipo jambo ambalo wazazi wengi, hata Wamarekani wenyewe, hawalijui, na kwangu ndilo linaloamua karibu kila kitu. NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikubwa, hakiitambui chia kuwa mchezo. Mwaka 2009 Chuo Kikuu cha Quinnipiac, Connecticut, kilitaka kufuta voliboli ya wanawake na kuweka chia ya mashindano mahali pake. Wachezaji wa voliboli wakaenda mahakamani. Jaji akaamua mwaka 2010 kwamba chia, kwa jinsi ilivyokuwa imepangwa wakati ule, haiwezi kuhesabiwa kuwa mchezo chini ya Title IX, sheria ya usawa wa kijinsia katika elimu. Mahakama ya rufaa ikakubaliana naye mwaka 2012. Hawakusema wasichana hao si wanamichezo. Walisema msimu, kanuni na mashindano yake havijapangwa kama vya michezo mingine.

Matokeo yake huyaoni kwenye picha. Mchezaji wa mpira wa kikapu ana ukomo wa saa 20 za mazoezi kwa wiki wakati wa msimu na siku moja ya mapumziko, kwa kanuni ya NCAA. Kanuni hiyo haimhusu mwanachia. Mwenye kikapu ana mhudumu wa tiba ya michezo pembeni ya uwanja, ana zamu ya mwanzo kuchagua ratiba ya masomo, ana bima ya idara ya michezo. Mwanachia anaweza kuwa na vyote hivyo, au asiwe na hata kimoja, kutegemea timu inamilikiwa na nani. Chuo kimoja kimeiweka chini ya idara ya michezo, kingine chini ya ofisi ya maisha ya wanafunzi pamoja na bendi, kingine ni klabu ambayo wanafunzi wanajiendesha na kocha ni mtu wa kuja jioni. Sare zinafanana, makombe yanafanana. Binti akiteguka kifundo Jumanne usiku, tofauti ndipo inapoonekana: huyu anahudumiwa palepale, yule anatafuta teksi ya kwenda hospitali na bili inakuja nyumbani kwenu.

Kwa hiyo swali la kwanza kwa chuo chochote, hata kabla ya kuuliza kama watamchukua, ni hili: timu iko chini ya ofisi gani, na nani yupo mazoezini wa kumtibu? Uliza yeye mwenyewe au wewe, kwa barua pepe, ili jibu liwe la maandishi. Kocha mzuri hujibu bila kuzunguka. Kocha anayejibu kwa kukuorodheshea vikombe, mimi ningeondoka hapo.

Mlango mwingine ambao hukuutaja: kuna mchezo wa akrobatiki na sarakasi wa wasichana, uliotokana na chia lakini umejengewa kanuni za mashindano ili utambulike. NCAA iliuingiza mwaka 2020 kwenye orodha ya michezo ya wanawake inayochipukia. Chuo Kikuu cha Baylor, hapo Waco, kimetwaa ubingwa wake mara nyingi tangu 2015. Hawashangilii mtu, wao ndio mechi. Ukomo wa saa na ulinzi wote wa mwanamichezo unawahusu. Kama moyo wa binti uko kwenye kurushwa na sarakasi zaidi kuliko kwenye makelele ya Jumamosi, aangalie huko. Kama anachopenda ni uwanja uliojaa watu na bendi, hapatamfaa.

Umesema unaogopa shingo. Hofu yako ina msingi, ila imelenga sehemu moja tu ya hatari. Majeraha mabaya kabisa, ya kichwa na uti wa mgongo, ni machache kwa idadi, lakini kwa miaka mingi chia imekuwa na sehemu kubwa mno ya majeraha ya aina hiyo yanayowapata wasichana wanamichezo Marekani. Majeraha ya kawaida ni vifundo vya miguu, viganja na viwiko, na hiyo mitikisiko ya ubongo. Utafiti wa shule za sekondari uliotolewa 2016 ulionyesha kwamba kwa jumla chia huumiza mara chache kuliko michezo mingi, lakini jeraha linaloongoza ni mtikisiko wa ubongo, na mengi hutokea wakati wa kubebana. Majeraha mengi hutokea mazoezini, kwa sababu huko ndiko mbinu mpya hurudiwa mara thelathini na watu waliochoka. Na si anayerushwa peke yake: wabebaji hupigwa viwiko na visigino na mtu anayeshuka. Kumweka binti chini, kwa hiyo, si kumtoa hatarini.

Kinachobadilika akitoka sekondari kwenda chuo ni kimo. Kanuni za sekondari huruhusu piramidi ya urefu wa watu wawili na hukataza kupinduka hewani mtu anaporushwa kwa mikono iliyofumwa. Chuoni piramidi hufika watu wawili na nusu, na kupinduka kunaruhusiwa. Machi 2006 mwanachia wa Chuo Kikuu cha Southern Illinois alianguka kutoka juu ya piramidi katikati ya mechi ya kikapu mjini St. Louis, akapasuka pingili ya shingo. Alitolewa kwenye machela huku mikono yake ikiendelea kufuata wimbo wa timu, na uwanja ukamshangilia. (Mimi sijawahi kuipenda ile picha. Watu waliona ushujaa, mimi niliona mtu aliyeumia shingo anatikisa mabega.) Baada ya hapo mirusho mikubwa na piramidi ndefu zilipigwa marufuku kwenye sakafu ngumu ya kikapu bila mikeka. Ukienda kutazama mazoezi, angalia mikeka hiyo. Angalia pia kama kuna mtu wa nyuma ambaye kazi yake ni kudaka kichwa na mabega, na kama kocha hupunguza kimo watu wakichoka au huongeza sauti.

Nije kwenye kudonoa chakula, maana naliona ni zito sawa na kichwa. Msichana anayekula kidogo kuliko anavyotumia hapungui tu. Mwili huanza kubana matumizi: hedhi huruka au kukoma, mifupa hukosa madini na kupata nyufa, usingizi huharibika, misuli haipati nguvu ya kumshikilia hewani. Anayerushwa akiwa na njaa ndiye anayelegea, na anayelegea ndiye anayeanguka. Mwulize taratibu kuhusu hedhi yake. Ikiwa imekosekana miezi mitatu, au ukiona anajificha wakati wa kula, anajipima kila siku, anazimia, mpeleke kwa daktari, na umwambie daktari kwamba ni mwanachia. Kuwekwa chini hakumshushi cheo: wabebaji wenye nguvu na ufundi hutafutwa sana, na mwili wake kukua akiwa na miaka 17 ni mwili unaofanya kazi yake. Timu inayopima wasichana uzito mbele ya wenzao au kutaja kilo kwenye fomu ya mchujo, msiende.

Pesa. Vyuo vidogo vya chama cha michezo cha NAIA vimeifanya chia ya mashindano kuwa mchezo kamili wenye ubingwa wake tangu 2017, kwa hiyo ahadi ya dola 6,000 inaweza kuwa ya kweli kabisa. Kisichokuwepo, karibu kokote, ni chia kumlipia mtu masomo yote. Vyuo vikubwa vingi hutoa kidogo, au sare na viatu, na vingine ndio hukudai wewe kambi ya kiangazi. Chukua barua za misaada za vyuo vyote viwili na utazame mstari mmoja tu: mtakacholipa nyinyi baada ya misaada yote. Chuo cha binafsi kikitoa 6,000 na bado mkabaki na deni kubwa kuliko la chuo cha serikali mnakolipa kama wakazi wa Texas, basi mnalipia nafasi ya kucheza. Kisha ulizeni kama ahadi hiyo huendelea akiumia, na kama huendelea akiacha mwenyewe. Jibu la swali la kwanza likiwa "hapana", mtoto atacheza akiwa mgonjwa ili asipoteze ada, na mmeshaona Oktoba jinsi anavyofanya hata bila ada.

Uuguzi unataka ratiba, na chia haina msimu wa kupumzika. Mpira wa miguu wa Kimarekani unaanza mwisho wa Agosti, kikapu kinaingia Novemba mpaka Machi, ubingwa wa taifa uko Orlando Januari au Daytona Beach Aprili kutegemea chama, halafu mchujo wa mwaka mpya, halafu kambi. Vyuo vingi vya Texas huchukua wanafunzi wa uuguzi kwa ushindani baada ya miaka miwili ya anatomia, fiziolojia na mikrobiolojia, kwa hiyo maksi za miaka hiyo ndizo mlango. Mwaka wa tatu zamu za hospitali huanza alfajiri na hazihamishwi kwa sababu ya mechi. Wapo wanaoweza vyote. Wengi niliowahudumia walicheza miaka miwili, wakaacha walipoingia wodini, na hakuna aliyewahesabu kuwa wameshindwa.

Mambo mawili madogo ya kwetu. Kama binti alizaliwa Afrika na hajawahi kupimwa, apimwe damu kujua kama amebeba vinasaba vya selimundu. NCAA huwataka wanamichezo wake wapimwe. Timu ya chia iliyo nje ya idara ya michezo huenda isiulize. Mbebaji wa vinasaba hivyo anaweza kucheza, ila mazoezi makali ya Agosti kwenye joto la Texas yanaweza kumwangusha vibaya akikosa maji na mapumziko, na kocha anapaswa kujua. La pili ni nywele: sheria ya Texas iliyoanza Septemba 1, 2023 inakataza vyuo kumbagua mtu kwa misuko, rasta au nywele zake za asili. Asiambiwe anyooshe ndipo apate nafasi.

Haya, jibu. Ningekuwa mimi, nisingemkataza. Akishapona na daktari akamwandikia, aende mchujo wa Aprili kwenye chuo anachokitaka kwa ajili ya uuguzi, akiwa tayari kukisoma hata asipochukuliwa. Mara nyingi haruhusiwi hata kujaribu kabla hajakubaliwa kimasomo. Kama daktari atasema bado, asiende. Vyuo vingi hurudia mchujo kila mwaka, na mwaka wa kwanza bila chia haujamwua mtu. Cha dola 6,000 ningekifikiria tu ikiwa hesabu inakaa, wana shule ya uuguzi inayotambuliwa, na ahadi yao inabaki akiumia. Na kabla ya kusaini popote, nendeni mazoezini, yeye, wewe na shemeji, mkae saa mbili kwenye benchi. Mwachieni binti aongee na wasichana wa mwaka wa tatu bila kocha kusikia. Uliza pia ripoti ya chuo ya matukio ya kunyanyasa wanaojiunga wapya (hazing). Sheria ya shirikisho iliyosainiwa Desemba 2024 inavitaka vyuo viitangaze.

Siku atakapofika 18, hospitali na chuo havitakuwa na wajibu wa kukuambia chochote kuhusu afya yake wala maksi zake bila ridhaa yake, hata kama nyinyi ndio mnaolipa. Kaeni naye kabla ya Agosti, akikubali asaini fomu ya chuo ya kuruhusu taarifa na hati ya kumteua mmoja wenu afanye maamuzi ya matibabu asipoweza kujisemea. Nakala moja iwe kwenye simu yako, moja kwa shemeji, na kadi ya bima aibebe yeye kila safari.